Mahojiano ya kazi ya uuzaji kwenye duka la vitu vya anasa, Lubumbashi: namna ya kujiandaa na namna ya kupita

Duka la vitu vya anasa halitafuti mtu wa maneno mengi. Watu wa maneno wamejaa sokoni Mzee Kabila, na wanaifanya kazi yao vizuri. Anayekuhoji mjini anatazama mambo matatu: mikono yako inavyoshika kitu cha dola 3.000, masikio yako yanavyomsikiliza mtu ambaye bado hajasema anachotaka, na mdomo wako unavyotaja bei. Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Mtu anaeleza saa ya mkononi vizuri dakika tano nzima, akifika kwenye bei sauti inashuka, anacheka kidogo, anaongeza "lakini tunaweza kuelewana". Hapo mahojiano yameisha, hata kama watamwachia amalize.

Maduka ya aina hii hapa kwetu ni ya vito na saa, ya marashi, au ya nguo, viatu na sakoshi (mikoba). Mengine yanachanganya yote. Mengi ni ya mtu binafsi anayeleta mali kutoka Dubai, Paris, Istanbul au Johannesburg. Kwa hiyo atakayekaa mbele yako mara nyingi ni mwenye mali mwenyewe, au ndugu yake anayeshika funguo. Anapokuuliza swali, anafikiria vitu vyake na pesa alizofunga ndani yake. Jibu la kukariri atalisikia mara moja.

Hatua ya 1: Ingia dukani kabla hujaitwa

Wiki moja kabla, nenda kama mtu anayetazama. Vaa vizuri, chagua saa ambayo si ya wateja wengi (asubuhi ya katikati ya wiki ni nzuri), msalimu mlinzi, salimia ndani, sema ukweli kwamba unatazama tu. Kaa dakika 10 hadi 15. Usipige picha: maduka mengi hayapendi, na ukikumbukwa kwa hilo umejifunga mwenyewe.

Tazama mambo haya na uyaandike ukishatoka, si mbele yao:

Ni majina gani yamewekwa mbele kwenye vitrini (makabati ya vioo), na yapi yamewekwa nyuma au chini. Yaliyo mbele kwenye usawa wa macho ndiyo wanayotaka yatoke.

Bei zimeandikwa au hazikuandikwa? Kama hazikuandikwa, muuzaji ndiye anayezitaja, na hapo ujue jaribio la bei litakuwepo.

Wauzaji wanaanza kwa lugha gani? Wanawaitaje wateja: Madame, Mama, Papa, Patron? Fuata desturi ya nyumba ile, usilete yako.

Uliza bei ya kitu kimoja na ikumbuke. Siku ya mahojiano ukisema "niliona pete ya dhahabu nyeupe upande wa kushoto, mliitaja dola 900", umewapita wote waliosema "napenda sana duka lenu".

Hatua ya 2: Jifunze mali, kidogo lakini kwa uhakika

Hutaulizwa yote. Utaulizwa moja au mawili, na ukibabaika watajua ulikuja kutafuta kazi yoyote. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Dhahabu. Karati 24 ni dhahabu tupu, au karibu tupu, nayo ni laini mno kwa pete ya kuvaa kila siku. Karati 18 ni sehemu 750 kwa 1.000, na ndiyo namba utakayoiona imegongwa ndani ya pete. Karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Fedha ya vito ni 925. Kitu kilichochovywa dhahabu si dhahabu, na muuzaji anayekiita dhahabu siku moja ataharibu jina la duka zima. Hapa Katanga, nchi ya migodi ya shaba, kuna jambo zuri la kumweleza mteja: dhahabu nyekundu inapata wekundu wake kutoka kwenye shaba iliyochanganywa ndani. Mteja aliyefanya kazi mgodini miaka 20 atatabasamu.

Malakiti nayo ni yetu, na watu wengi mjini wanaijua kama jiwe la kuchonga visahani vya majivu na sanamu za tembo. Jua kwamba Van Cleef & Arpels ya Paris, waliotoa mkufu wa Alhambra mwaka 1968, wanauza hata Alhambra ya malakiti. Jua pia udhaifu wake: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachofika 10 kwa almasi, malakiti iko kati ya 3,5 na 4. Inakwaruzika upesi, na haipendi marashi wala asidi. Mteja wa malakiti anaambiwa: vaa mkufu mwisho, marashi yakishakauka.

Saa. Tofautisha saa ya betri (kwatzi) na saa ya kiotomatiki, inayojijaza nguvu kwa mwendo wa mkono. Hapa kuna malalamiko utakayopewa kama testi: "Saa yangu ya betri ya dola 30 haipotezi hata sekunde, hii ya dola elfu mbili inachelewa. Mmeniuzia bandia?" Jibu sahihi: saa ya kiotomatiki ni mashine ya chemchemi na meno, na hata yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Betri ni sahihi zaidi. Mteja wa kiotomatiki analipia kazi ya mikono. Ujue pia kwamba "mita 30" iliyoandikwa nyuma ya saa haimaanishi kuogelea nayo. Ni matone ya mvua na maji ya kunawa tu. Na neno "Swiss made" lina sheria: tangu mwaka 2017, angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza saa lazima iwe imefanyika Uswisi.

Ngozi. Sakoshi ya ngozi halisi ina vitundu visivyolingana. Vikilingana vyote kama vimepigwa mhuri, shaka. Hermès ilianza Paris mwaka 1837 kama karakana ya hatamu za farasi, na ule mshono wake wa matandiko umebaki: uzi mmoja, sindano mbili, kila tundu linapitiwa mara mbili. Uzi ukikatika sehemu moja, upande wa pili unashikilia. Hilo ni jibu la kumpa anayeuliza "kwa nini bei hii yote kwa mfuko?" Ongeza la hapa: kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa mvua, ngozi iliyofungiwa ndani ya plastiki inaota ukungu. Ihifadhiwe kwenye mfuko wa kitambaa, ikiwa imejazwa karatasi.

Marashi. Eau de parfum kwa kawaida ina mafuta ya harufu kama asilimia 15 hadi 20, eau de toilette chini ya hapo, kwa hiyo haikai muda mrefu. Unapulizia kwanza kwenye kijikaratasi, unampa mteja, halafu ngozini. Usimpe harufu zaidi ya tatu au nne. Baada ya hapo pua haisikii kitu na mteja anaondoka na kichwa kikiuma. Asisugue viganja.

Majina uyatamke sawasawa. Kifaransa hakitusumbui, yanayosumbua ni mengine: Heuer ni "hoya", Zegna ni "zenya", Versace ni "versache", na ile V ya Bvlgari inasomwa U. Kwa viatu, uwe mnyenyekevu. Lubumbashi ina wasapeur, mabingwa wa kuvaa, wanaovijua viatu vya J.M. Weston kuliko wewe, na mteja wa namna hiyo haelezwi kiatu. Anaulizwa anapendelea ngozi gani.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa usipoteze muda mrefu. Sivi (CV) ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, na ya Kiingereza kama unakijua kweli. Fotokopi ya diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari) au ya chuo, kadi ya mpiga kura, kadi ya mtafuta kazi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira) kama unayo, picha mbili, na majina mawili ya watu wanaoweza kukusemea, uwe umewaambia kwamba watapigiwa. Weka vyote ndani ya bahasha ngumu. Karatasi iliyokunjwa mara nne ikitoka mfukoni inasema jinsi utakavyofunga sakoshi ya mteja.

Kwenye sivi, andika lugha zote kwa ukweli: Kiswahili, Kifaransa, Kibemba, Kiluba, Kilingala, Kiingereza. Watu wa migodi wanatoka Afrika Kusini, Zambia, China, India. Muuzaji anayeweza kumkaribisha mgeni kwa sentensi kumi za Kiingereza bila kutetemeka ana uzito wake.

Hatua ya 4: Mwili na nguo

Huhitaji kuvaa jina kubwa. Kuvaa bandia ya jina wanalouza wao ni kosa lisilosameheka, maana wataiona kabla hujakaa. Nguo nyeusi au bluu nzito, safi, imekukaa. Shati lisilo na maandishi. Pasi ipigwe jana yake, usingoje asubuhi umeme ukatike.

Kucha ndizo zitakazotazamwa kuliko uso. Muuzaji wa vito anaonyesha pete juu ya mkono wake mwenyewe. Kata fupi, sawa, bila rangi iliyobanduka, mwanamume pia. Pete moja tu, au hakuna, kwa sababu pete yako inakwaruza ya duka. Marashi: mpulizo mmoja, na kwenye duka la marashi usipake kabisa.

Viatu ni habari ya peke yake kwenye mji huu. Kiangazi vumbi jekundu linakaa kwenye mshono wa soli. Masika ni matope. Ukija na pikipiki kutoka Katuba au Ruashi, viatu vya mahojiano vikae ndani ya mfuko, uvae vingine njiani, ubadilishe mita mia moja kabla ya duka. Beba kitambaa kikavu. Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kweli, na mtu anayetetemeka anaonekana kama mwenye woga. Vaa fulana ya ndani.

Hatua ya 5: Kufika

Fika dakika 10 kabla. Nusu saa kabla ni kero, hasa wakiwa wanapanga vitrini, maana wakati huo mali iko nje na hawataki mgeni. Simu izimwe kabisa. Mtetemo kwenye kioo unasikika. Msalimu mlinzi kama unavyomsalimu mkubwa. Si adabu tu: kwenye maduka mengi mlinzi anaulizwa baadaye "yule aliingiaje?"

Usiegemee vioo wala usiweke mfuko wako juu ya kaunta. Ngoja uonyeshwe mahali pa kukaa.

Hatua ya 6: Maswali ya mezani

"Ulishauza nini?" Wengi wanaona aibu kusema waliuza pagne (vitenge) na mama yao soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Hiyo ndiyo shule. Lakini isemwe kwa hesabu: "Niliuza wax miaka miwili. Wateja wa kudumu walikuwa kama 30, nilikuwa na daftari la anayechukua rangi gani na la nani analipa lini. Kwa siku ya harusi niliweza kupanga pièces 12 za familia moja bila kukosea." Anayekuhoji amesikia hesabu, kumbukumbu na uvumilivu. Ukisema "napenda sana watu", hajasikia kitu.

"Kwa nini hapa?" Taja kitu ulichokiona Hatua ya 1. Usiseme unapenda vitu vizuri. Mwenye duka anaogopa mfanyakazi anayependa sana vitu vyake.

"Utauzaje kitu ambacho mshahara wako wa mwaka haukinunui?" Swali hili linauma, nalo linaulizwa kwa makusudi. Jibu kwa utulivu kwamba mfuko unaopimwa ni wa mteja, si wako. Kisha nyamaza. Ukianza kujitetea umeonyesha kwamba pesa inakutisha.

Halafu kuna maswali ya uaminifu, na haya yasikukute bila jibu.

Umekuta dola 100 zaidi kwenye kasha jioni: unamwita msimamizi wakati uleule, mnahesabu wawili, mnaandika, mnatia saini. "Ningeziweka hadi mteja arudi" ni jibu baya hata kama moyo wako ni safi.

Dada yako anaomba umwazime sakoshi kwa harusi ya Jumamosi, utairudisha Jumatatu bila mtu kujua: hapana, na hapana hiyo isiwe na hadithi ndefu. Wanajua ndugu wataomba. Wanataka kusikia kama unaweza kukataa.

Rafiki yako anataka kujua mke wa mkubwa fulani alinunua nini: hujui, hukumbuki, hukuwepo. Siri ya mteja kwenye kazi hii ni nusu ya mshahara. Fikiria Papa aliyenunua mikufu miwili ya aina moja katika wiki moja. Humwulizi wa pili ni wa nani. Na akirudi na mke wake, humwambii "Papa, ule mkufu ulipendwa?" Unasema "Karibuni, Madame, karibu Papa", na unamwangalia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Hatua ya 7: Jaribio la kuuza

Hapa ndipo pa kutumia muda wa mazoezi, angalau jioni tatu mbele ya mtu, na kitu chochote kinachofanana. Utapewa kitu, tuseme saa ya kiotomatiki yenye mkanda wa ngozi, bei dola 1.850, na mwenye duka anageuka mteja. Litachukua dakika 5 hadi 10.

Salamu kwanza, ukiwa umesimama. "Bonjour, Papa. Karibu." Akijibu kwa Kiswahili, endelea kwa Kiswahili, akijibu kwa Kifaransa, baki hukohuko. Kumlazimisha mtu Kifaransa ili duka lionekane la juu ni makosa ya wauzaji wapya, na mfanyabiashara wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwenye fedha taslimu anaondoka kwa sababu hiyo.

Atasema "natazama tu". Jibu: "Tazama bila haraka, Papa. Mimi niko hapa." Rudi nyuma hatua mbili. Usimfuate. Akisimama mbele ya kitu kimoja, au akirudi kwenye kitu mara ya pili, sogea.

Uliza swali moja, usubiri jibu. "Ni yako mwenyewe, Papa, au ni zawadi?" Kisha: "Siku zote anavaa saa ya namna gani?" Kisha siku: "Sherehe ni lini?" Usiulize "una bajeti gani". Mwenye kidogo ataona haya, mwenye nyingi ataona umempima.

Toa saa moja. Iweke kwenye trei yenye kitambaa laini, isiwekwe juu ya kioo kitupu. Ishike kwa mkanda na pembeni, vidole visiguse kioo; ukigusa, futa mbele yake bila kusema. Unapompa, mkono wa kuume mbele na wa kushoto ukiugusa wa kuume, kama tunavyompa mkubwa kitu nyumbani. Wageni wanaiona adabu hiyo hata bila kuielewa, na Wakongo wote wanaielewa.

Sema jambo moja tu, linalogusa alichokuambia. Kama alisema ni zawadi ya mkwe anayestaafu, sema kuhusu saa inayotengenezeka miaka 30 ijayo. Usitaje kioo cha yakuti, akiba ya nguvu, mtambo, mji wa kiwanda na historia ya nyumba kwa pumzi moja. Mfungie mkononi, mpe kioo cha kujitazama, nyamaza. Kimya hiki kinamwua muuzaji mpya: anahesabu sekunde tatu, anaona dakika, anaanza kuongea, na anamkatisha mteja aliyekuwa anajiona na saa yake kwenye harusi.

Bei: "Ni dola 1.850, Papa." Nukta. Usiweke "tu", usiweke "lakini", usitazame chini. Itamke kama unavyotaja saa ngapi.

Sasa atapatana, maana hii ni Lubumbashi na hata askofu anapatana. "Mwisho ngapi?" Kama duka halijakuambia kwamba una ruhusa ya kupunguza, huna. Jibu: "Bei yetu ndiyo hiyo, Papa. Ninachoweza kukufanyia ni kukutobolea mkanda ukae sawa sasa hivi, na kukuandikia garanti kwa jina la mkwe wako." Unampa kitu, lakini si pesa ya duka. Sababu ni ya hesabu kabisa: ukishusha dola 100 ndani ya sekunde tatu, mteja haoni amepata 100, anaona kwamba 1.850 ilikuwa uongo, na anaanza kutafuta ukweli uko wapi. Atafika 1.400 na bado hataamini.

"Dubai niliiona kwa 1.500." Usibishe, usiseme ya Dubai ni bandia: huenda anasema kweli, na huenda boss wako aliinunua kulekule. "Inawezekana, Papa. Hii ikisimama baada ya miezi minne, unaileta hapahapa, huihangaikii ndege." Sema hivyo tu ikiwa duka lina matengenezo. Kabla jaribio halijaanza, uliza: "Naomba kujua, mna fundi na garanti ya muda gani?" Kuuliza hivyo ni alama nzuri, kubuni garanti isiyokuwepo ni kufukuzwa.

Mwishoni funga. "Niifungashe, Papa?" Wengi wanaeleza, wanaeleza, halafu wanasubiri mteja aseme mwenyewe. Akisema atafikiria, usinune: "Sawa, Papa. Nikuandikie namba yake na bei?" Mpe kadi, omba namba yake ya WhatsApp kama anakubali, andika tarehe na kitu alichoshika.

Kitu kimoja kitakachotazamwa bila kutajwa: umeweka vitu vingapi nje? Kanuni ya kazi hii ni kwamba kitu cha pili kinatoka cha kwanza kikishaingia, au usivuke vitatu kwenye trei, na unavihesabu kwa macho kila ukigeuza kichwa. Mhoji anaweza kuomba pete hii, na ile, na ile ya nyuma, akikuchanganya kwa makusudi huku mwenzake akikuuliza swali pembeni. Huyo mwenzake ni testi. Jibu: "Nitakuja kwako sasa hivi, Mama", bila kuigeuzia trei mgongo.

Hatua ya 8: Pesa mkononi

Utapewa hesabu. Kwa mfano: sakoshi ya dola 2.350, punguzo la asilimia 10, mteja analipa dola 2.000 taslimu na zilizobaki kwa franka. Punguzo ni 235, anadaiwa 2.115, zimebaki dola 115. Wakikupa kiwango cha franka 2.500 kwa dola, ni franka 287.500. Fanya kwa kalamu, onyesha hatua, halafu hakiki kwa kikokotoo. Anayekimbilia kikokotoo kwanza na kukosea kitufe hana namna ya kujua amekosea.

Noti ya dola 100 watakupa uitazame. Ile mpya, iliyotoka mwaka 2013, ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi. Ukiinamisha noti, kengele na namba 100 ndani ya utepe zinatembea. Kwenye kidau cha wino kuna kengele ya rangi ya shaba inayogeuka kijani. Pitisha ukucha kwenye bega la Franklin: panakwaruza. Inua kwenye mwanga, uso wake unaonekana mahali peupe upande wa kulia. Kisha tazama kingo, kwa sababu hapa kwetu noti halali iliyochanika kidogo, iliyoandikwa kalamu, au ya zamani yenye kichwa kidogo, haipiti kwa mtu mwingine, na ukiipokea imebaki kwako. Namna ya kuikataa nayo ni testi: "Papa, naomba unibadilishie hii moja, benki itanisumbua." Usiinyanyue juu watu wakaona.

Hatua ya 9: Mshahara na mkataba

Wakiuliza unataka kiasi gani, taja kiasi kwa sauti ileile uliyotajia bei ya saa. Kabla ya kukubali, jua: sehemu ya kudumu ni ngapi, kwa dola au franka, na kama ni franka, kwa kiwango cha siku gani? Komisyo ni ya mauzo au ya faida? Inahesabiwa siku ya kuuza au siku mteja amemaliza kulipa? Ni ya kila mtu au inagawanywa?

Piga hesabu mbele ya akili yako. Dola 200 na komisyo ya asilimia 2 dhidi ya dola 280 bila komisyo: ukiuza dola 6.000 kwa mwezi unapata 320, ukiuza 2.000 unapata 240. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: muuzaji wa kawaida hapa anauza kiasi gani mwezi wa Februari? Desemba kila mtu anauza.

Uliza pia kitu kikipotea au kikivunjika nani analipa, na ijibiwe kwa maandishi. Usitie saini kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka muda wa majaribio uandikwe, na usizidi miezi 6 (mwezi 1 kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu). Wiki ya kazi ni saa 45. Anayekuambia "jaribu kwanza mwaka mmoja, tutaona" anajua anachofanya.

Na jambo ambalo wasichana hasa walijue: mahojiano yanafanyika dukani au ofisini, mchana. Ukiitwa hotelini jioni, au ukiombwa dola 50 za "sare" kabla ya mkataba, hakuna kazi hapo. Usiende hata kuhakikisha.

Hatua ya 10: Baada ya kutoka

Jioni ileile tuma ujumbe mmoja mfupi: "Bonsoir Madame. Asante kwa muda wenu wa leo. Nimeendelea kufikiria lile swali la mteja wa Dubai, na kazi bado naitaka. Mwenu, fulani." Ujumbe wa sauti usitume. Wakikuambia watajibu baada ya wiki moja, ngoja wiki na siku mbili, kisha uliza mara moja tu. Wakikataa, uliza kama wanaongeza watu wiki za kabla ya Noeli. Wengi wanaoshika kazi hizi waliingilia mlango huo.

Ukiitwa siku ya kujaribiwa dukani, uliza kwanza kama italipwa na itaisha saa ngapi. Beba kalamu inayoandika, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, chakula kisicho na harufu ya samaki wala vitunguu, na viatu ulivyokwisha kuvizoea, maana utasimama kwa muda wa saa nane na kiti kilichopo ni cha mteja.